Mwenye Duka na Mwenye Soko

Msomaji, ukifika katika soko la Kongowea mjini Mombasa wakati wa alfajiri, utaona mambo mawili ambayo ni makongwe kama biashara yenyewe. Utaona mchuuzi na mali yake, kisha utaona mahali alipoiweka. Mali ni yake, lakini mahali mara nyingi si pake. Hulipa ushuru, hufuata saa za kufungua na za kufunga, na siku wenye amri wakihamisha vibanda hana budi kukusanya mali yake na kwenda waendako wengine. Mwenzake mwenye duka la mawe mtaani hana wa kumwamuru namna hiyo. Walakini yeye hulipa gharama ya ukuta, paa, kufuli na mlinzi. Tena hana hakika kama wapita njia wataukumbuka mlango wake. Tangu zamani, basi, kila mfanyabiashara ameulizwa swali moja: je, utakaa katika soko la mwingine, ama utajenga lako?

Swali hilo halikufa ulimwengu ulipopata kompyuta. Lilihama tu makao. Kijana wa leo atakaye kuuza viondo, asali au viatu kwa njia ya intaneti hukutana nalo siku ya kwanza. Hana budi kuchagua jukwaa, yaani programu na mitambo ambayo juu yake duka la mtandaoni husimama. Jukwaa ndilo huonyesha bidhaa, hupokea maagizo, hujumlisha bei na kuandika hesabu. Watu wengi hulichagua kama mtu anavyochagua kitambaa, kwa kuvutiwa na rangi. Nia ya insha hii ni kukuonyesha kwamba jambo hili lina historia, na kwamba historia hiyo ni mwalimu mwema. Makosa ya waliotutangulia ni karo iliyokwisha kulipwa. Ni hasara kwetu kuilipa mara ya pili.

Twende kwanza Chicago, nchini Marekani, katika mwaka 1872. Kijana mmoja aliyeitwa Aaron Montgomery Ward alikuwa amesafiri vijijini akiuza bidhaa, akasikia malalamiko ya wakulima. Duka la kijijini lilikuwa moja, bei zake zilikuwa juu, na mkulima hakuwa na pengine pa kwenda. Ward alipiga chapa karatasi moja yenye orodha ya vitu 163 pamoja na bei zake, akaipeleka kwa wakulima. Mtu aliandika barua, na mzigo ukaja kwa reli. Wenye maduka ya vijijini walimchukia, lakini wakulima walimpenda, na baada ya miaka karatasi ile ikawa kitabu kinene. Mwenzake, Richard Sears, alianza kuuza saa mwaka 1886, na kampuni yake ikaja kumpita Ward kwa ukubwa.

Tazama, msomaji, ni nini kilichomwezesha Ward kumuuzia mtu asiyemwona. Kwanza ni uaminifu: mwaka 1875 aliahidi kumrudishia fedha zake kila mnunuzi ambaye hakuridhika. Pili ni njia ya kufikisha mzigo: reli zilikuwa zimekwisha kuenea, na mwaka 1913 posta ya Marekani ikaanza kuchukua vifurushi vikubwa mpaka vijijini. Tatu ni njia ya malipo ambayo mkulima aliielewa. Uaminifu, uchukuzi na malipo ni mafiga matatu ya biashara ya mbali. Ukiondoa figa moja, chungu humwagika, hata kama kitabu cha picha ni kizuri namna gani. Majukwaa yote tutakayoyataja hayakuvumbua figa la nne; yalitafuta tu namna mpya ya kuyaweka hayo matatu.

Hatua ya pili ilikuwa Uingereza. Mwaka 1979 mvumbuzi Michael Aldrich aliunganisha televisheni na kompyuta kwa waya wa simu, hata mtu aliyeketi nyumbani akaweza kupeleka agizo. Mwezi wa Mei mwaka 1984, katika mji wa Gateshead, ajuza mmoja wa miaka 72, Jane Snowball, aliitumia njia hiyo kuagiza siagi ya mimea, vyakula vya nafaka na mayai kutoka duka la Tesco. Mji ulikuwa umeanzisha huduma hiyo ili kuwafaa wazee. Hakuna kelele iliyopigwa siku ile. Lakini kikapu kile cha mayai kilikuwa cha kwanza katika safari ndefu ambayo haijafika mwisho.

Miaka kumi baadaye intaneti ilikuwa imeanza kuingia majumbani. Tarehe 11 Agosti 1994, vijana wa Marekani waliofungua duka lililoitwa NetMarket waliuza sahani moja ya muziki, na namba ya kadi ya benki ya mnunuzi ikapita katika waya kwa maandishi ya siri ambayo mwizi hakuweza kuyasoma. Figa la malipo likapata mahali. Mwaka uliofuata, 1995, milango miwili mikubwa ilifunguliwa. Mwezi wa Julai Jeff Bezos alifungua Amazon, duka la vitabu ambalo lilimiliki jina lake na orodha yake. Mwezi wa Septemba Pierre Omidyar alifungua mnada ambao baadaye uliitwa eBay. Omidyar hakuwa na bidhaa za kuuza; alikuwa na uwanja tu. Kitu cha kwanza kuuzwa uwanjani hapo kilikuwa kurunzi ndogo ya miali iliyovunjika, nayo ilipata dola 14 na senti 83. Bezos alikuwa mwenye duka. Omidyar alikuwa mwenye soko. Huo ndio ule mgawanyo tuliouona Kongowea.

Kinyume cha mambo ni kwamba kampuni ya Sears, iliyokuwa na maghala, wachukuzi na wateja wa zaidi ya miaka mia, ilikuwa imekoma kuchapisha kitabu chake kikubwa mwaka 1993, mwaka mmoja tu kabla ya Amazon kuanzishwa. Ilikuwa na mafiga yote matatu mkononi ikayaweka chini wakati mgeni anakuja na moto.

Lakini wafanyabiashara wadogo wangefanya nini? Hawakuwa na wahandisi kama Bezos. Hapo ndipo ilipozaliwa biashara mpya: kuwajengea wengine maduka. Mwaka 1995 Paul Graham na Robert Morris walijaribu kuwashawishi wenye nyumba za picha za sanaa waweke picha zao kwenye intaneti. Wenye picha walikataa. Vijana hao wakatambua kwamba walikuwa wakimlazimisha mtu asiye na haja, na kwamba wenye haja walikuwa wauzaji wa bidhaa za kila siku. Wakatengeneza Viaweb. Ujanja wake ulikuwa huu: programu ilikaa katika kompyuta za Viaweb wenyewe, na mwenye duka, akiwa popote, aliipanga rafu yake kwa kupitia ukurasa wa intaneti. Hakununua mtambo, hakuajiri fundi. Alilipa kodi kila mwezi. Mwaka 1998 kampuni ya Yahoo iliinunua Viaweb kwa hisa zilizokadiriwa kuwa dola milioni 49. Duka la kupanga likawa limepata cheo.

Wako ambao hawakupenda kupanga. Mwezi wa Machi mwaka 2000 programu iitwayo osCommerce ilianza nchini Ujerumani. Ilitolewa bure, na maandishi yake ya ndani yaliachwa wazi ili fundi yeyote ayasome na kuyabadili. Mwaka 2008 ikafuata Magento, yenye vyumba vingi zaidi, na maduka makubwa yakahamia humo. Neno bure, msomaji, ni tamu masikioni, lakini lina mkia. Aliyepewa mawe na mbao bure bado hutafuta kiwanja, hulipa fundi, na huziba nyufa. Mwaka 2015 jengo jipya la Magento lilitolewa, nalo lilikuwa tofauti na lile la kwanza hata kuhama kutoka la kale kwenda jipya kulikuwa karibu sawa na kujenga tena. Wengi walisitasita. Mwezi wa Juni mwaka 2020 watengenezaji waliacha kulitunza jengo la kale, na mwezi wa Septemba mwaka huohuo wezi wa namba za kadi wakayavamia maduka mengi yaliyokuwa yamesalia humo. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Aliye na duka lake mwenyewe hana wa kumlaumu akisahau kuziba.

Katika miaka hiyohiyo njia mbili nyingine zilifunguliwa, nazo ndizo zinazojulikana zaidi katika zama zetu. Mwaka 2004 Tobias Lütke, Mjerumani aliyehamia Kanada, alitaka kuuza mbao za kuteleza juu ya theluji. Aliyajaribu majukwaa yaliyokuwapo, hakuridhika, akajiandikia programu yake. Akagundua kwamba chombo alichokitengeneza kilitamaniwa na watu kuliko mbao alizoziuza, na mwaka 2006 akakifungua kwa umma kwa jina la Shopify. Hilo ni duka la kupanga: mwenye jukwaa hutunza mitambo na ulinzi, mfanyabiashara hulipa kila mwezi. Kisha mwaka 2011 kampuni ya WooThemes, yenye makao Cape Town, Afrika Kusini, ilitoa WooCommerce. Hiyo si duka zima, bali ni chombo kinachoongezwa katika WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, na kuifanya tovuti iwe duka. Hutolewa bure, ila kiwanja na fundi ni juu yako. Mwaka 2015 ilinunuliwa na kampuni ya Kimarekani ya Automattic, lakini yafaa vijana wa Afrika wakumbuke kwamba chombo hicho, ambacho maduka mengi ya dunia yamesimama juu yake, kilitolewa na kampuni yenye makao katika bara letu.

Turudi sasa kwa mwenye soko, tuone tabia zake. Mwaka 2000 Amazon iliwakaribisha wafanyabiashara wengine wauze bidhaa zao katika ukumbi uleule ilimouza bidhaa zake yenyewe. Neema ilikuwa kubwa, kwa maana umati wa wanunuzi ulikuwa umekwisha kukusanyika. Lakini fikiri, msomaji: mwenye soko sasa ni mchuuzi pia, tena ndiye mshika madaftari yote. Aona ni bidhaa gani ya mpangaji wake inayotoka haraka na kwa bei gani. Mwaka 2020 Tume ya Umoja wa Ulaya iliishtaki Amazon kwamba ilitumia habari za siri za wauzaji hao kwa faida ya biashara yake yenyewe. Amazon haikukubali lawama. Walakini mwezi wa Desemba mwaka 2022 ilijifunga kwa ahadi mbele ya Tume hiyo kwamba haitazitumia habari za namna hiyo katika biashara yake barani Ulaya. Kampuni hiyo iliwahi pia kuwapangisha watu maduka yenye milango yao wenyewe. Mwaka 2015 ikatangaza kwamba huduma hiyo itakoma, na wapangaji wakapewa mpaka katikati ya mwaka 2016 kutafuta pengine. Si kosa kwa mwenye nyumba kufunga nyumba yake. Kosa ni la mpangaji aliyedhani kuwa nyumba ni yake.

Uchina yatufundisha jambo jingine. Kampuni ya eBay iliingia huko mapema, ikiwa na fedha na sifa. Mwaka 2003 kampuni ya Alibaba, iliyoanzishwa na Jack Ma na wenzake, ilifungua soko lililoitwa Taobao, ambalo halikumtoza muuzaji kitu kwa kuweka bidhaa. Hilo lilisaidia, lakini silaha kubwa zaidi ilikuwa kwenye malipo. Mnunuzi wa Kichina aliogopa kulipa kabla ya kuona mzigo, na muuzaji aliogopa kutuma mzigo kabla ya kuona fedha. Alipay, iliyoanza mwaka 2004, ilisimama katikati kama mzee wa mtaa: ilizishika fedha mpaka mnunuzi aseme kwamba mzigo umefika. Mwishoni mwa mwaka 2006 eBay ililifunga jukwaa lake kuu la Uchina. Haikushindwa kwa uduni wa mitambo; ilishindwa kwa sababu haikuyajua mashaka ya watu wa mahali.

Nasi wa Afrika Mashariki tuna sura yetu katika kitabu hiki. Mwezi wa Machi mwaka 2007 Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya, na mtu asiye na akaunti ya benki wala kadi akaweza kulipa kwa simu. Majukwaa ya ng'ambo yalikuwa yamejengwa kwa ajili ya wenye kadi. Kwa hiyo duka zuri lililoweza kupokea kadi pekee lilikuwa kwetu kama duka lenye mlango juu ya paa. Kampuni ya Jumia, iliyoanza Lagos mwaka 2012, ilifika Kenya mwaka uliofuata, ikawaruhusu wateja wengi walipe mzigo ukifika mlangoni. Ilijifunza pia kwamba nyumba zetu nyingi hazina namba, na kwamba mchukuzi huelekezwa kwa mti, msikiti, kanisa au kituo cha mafuta. Mwaka 2019 hisa zake ziliuzwa katika soko la New York. Na mwezi wa Novemba mwaka huohuo ikasimamisha soko lake la mtandaoni nchini Tanzania. Waliokuwa wakiuza humo walibaki na bidhaa zao, lakini ukumbi ulikuwa umefungwa.

Basi, msomaji, tukusanye mavuno ya safari hii. Fikiri juu ya binti mmoja wa Machakos ambaye mama yake husuka viondo, naye ataka kuviuza mbali. Ajiulize nini kabla ya kuchagua?

Ajiulize kwanza, wateja wangu hulipa kwa nini? Kama ni kwa simu, jukwaa lisilopokea malipo ya simu bila mzunguko halimfai, hata likisifiwa dunia nzima. Kama ataka kuwauzia watu wa Ulaya, hesabu yabadilika, kwa maana huko kadi ndiyo hutawala.

Pili, gharama yote ni kiasi gani, si ya siku ya kwanza tu bali ya mwaka mzima? Ahesabu kodi ya mwezi, sehemu inayokatwa katika kila mauzo, ada ya malipo, fundi, na uchukuzi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Jukwaa la bure linalohitaji fundi kila wiki laweza kuwa ghali kuliko la kulipia. Na soko lisilodai kodi laweza kukata sehemu kubwa ya kila kiondo.

Tatu, nani atalitunza? Kama hana ujuzi wala fundi mwaminifu wa karibu, ni heri apange kuliko kujenga nyumba asiyoweza kuipaka chokaa. Akumbuke wale wa Magento.

Nne, siku ya kuhama nitatoka na nini? Swali hili watu hulisahau, nalo ndilo la maana kuliko yote. Je, aweza kuichukua orodha ya bidhaa zake, majina ya wateja waliokubali kuandikwa, na kumbukumbu za mauzo? Je, anwani ya tovuti imeandikishwa kwa jina lake au kwa jina la mwenye jukwaa? Tena asisahau kwamba habari za wateja ni amana. Kenya ilipitisha sheria ya kuzilinda mwaka 2019, na anayezishika hushika dhamana.

Yawezekana jawabu lake likawa mchanganyiko. Aanze katika soko la mwingine, ambamo watu wamekwisha kukusanyika, ajifunze bei na tabia za wanunuzi; na huku aweke mlango wake mdogo wenye jina lake mwenyewe. Soko likifungwa, mlango utabaki. Mlango usipopata wageni, soko litamlisha. Wazee walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, wakatuonya vilevile kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hekima ni kuzishika methali hizo mbili kwa pamoja.

Wala asikawie mno katika kuchagua. Mchagua nazi hupata koroma. Hakuna jukwaa lisilo na kasoro, na miezi inayopotea katika kulinganisha ni miezi ambayo viondo vinakaa darini. Ward alianza na karatasi moja, Omidyar na kitu kilichovunjika, na Lütke na mbao ambazo hatimaye hakuendelea kuziuza. Hakuna aliyeanza na jukwaa kamili. Kila mmoja alianza na mteja mmoja aliyemtimizia ahadi.

Siku utakapopita tena sokoni, msomaji, simama kitambo umtazame yule mama wa mboga anayejua jina la kila mteja, anayeongeza fungu dogo kwa mtoto aliyetumwa, na anayeandika madeni katika daftari lililochakaa. Wenye amri wakihamisha kibanda chake kesho, wateja watauliza alikohamia nao watamfuata. Mali yake kubwa haiko katika mbao za kibanda. Kijana anayefungua duka katika intaneti achague mbao zake kwa akili, lakini ajue kwamba jambo atakaloulizwa na mteja ni lilelile aliloulizwa Ward mwaka 1872: je, mzigo utafika, na utakuwa kama ulivyosema?